Ini lisilo ini: awamu tano za tiba ya jadi ya Kichina

Kaskazini mwa China, karne nane zilizopita, mke wa tajiri mmoja alikosa usingizi kwa zaidi ya miaka miwili. Mawazo yalikuwa yamemzidi na hakuna dawa iliyomfaa. Mumewe akamwita Zhang Congzheng, tabibu aliyeishi kati ya 1156 na 1228 na aliyejulikana kwa tiba za ajabuajabu. Zhang akashika mikono yote miwili, akayakuta mapigo yamelegea, akasema: ulioumia hapa ni wengu, kwa kuwa wengu ndio unaotawala fikra. Kisha akala njama na mume. Tabibu akatwaa fedha nyingi za nyumba ile, akakaa siku kadhaa akinywa pombe, halafu akaondoka zake bila kuacha dawa hata moja. Mama yule akapandwa na hasira, jasho likamtoka, na usiku uleule usingizi ukamchukua. Kitabu kinasema alilala siku nane au tisa. Alipoamka, hamu ya chakula ilirudi na mapigo yakatengemaa.

Tuache kwanza swali la kama kisa hiki kilitokea kama kilivyoandikwa. Kinachonivutia ni kwamba Zhang hakuwa anabahatisha. Alifuata njia iliyochorwa zaidi ya miaka elfu moja kabla yake: fikra ni za wengu, na wengu ni udongo, hasira ni ya ini, na ini ni mti, mti huudhibiti udongo. Basi aliyeumizwa na fikra akasirishwe. Hiyo ndiyo nadharia ya awamu tano, ambayo Wachina huiita wuxing, nayo ndiyo iliyo nyuma ya maneno yanayowaacha wengi wakikuna kichwa wanapotoka kwenye kliniki ya dawa za Kichina: mtu ameambiwa ini lake limebana na linaonea wengu wake, ilhali vipimo vya hospitali vinaonyesha ini zima kabisa.

Kwanza tuondoe falaki kichwani

Msomaji wa Kiswahili huja kwenye jambo hili akiwa na mzigo tayari. Falaki ya pwani, iliyotufikia kwa mkono wa Waarabu ikiwa na mizizi kwa Wayunani, imetuzoesha asili nne: moto, upepo, maji na udongo. Kila nyota ina asili yake, kila mwili una mchanganyiko wake, na bibi zetu walijua chakula kipi ni cha moto na kipi ni cha baridi. Asili hizo ni malighafi; ulimwengu umeumbwa kwazo. Kwa hiyo tunaposikia kuwa Wachina nao wana mti, moto, udongo, metali na maji, tunadhani ni orodha ileile, ila wenzetu wameongeza moja na kuupoteza upepo.

Orodha ya Wachina inahusu jambo jingine. Sura iitwayo Hong Fan, katika Shangshu, mojawapo ya vitabu vyao vikongwe, haisemi dunia imetengenezwa kwa nini. Inaeleza kila kimoja kati ya vitano hivyo kinafanya nini. Maji hulowesha na kushuka. Moto huwaka na kupanda. Mti hupinda na kunyooka. Metali hutii na kubadilika. Udongo hupokea mbegu na kutoa mavuno. Ni vitenzi vitupu. Maji hapa ni jina la hali yoyote ya kushuka, kutulia na kujificha. Mti ni jina la kuchipua na kusukuma kwenda nje. Moto ni kufika kileleni, metali ni kukaza na kurudi ndani, na udongo ni ile zamu ya katikati ambapo kitu kimoja hugeuka kuwa kingine. Ndiyo maana naziita awamu. Mtu mmoja anaweza kuwa katika mti asubuhi na katika maji usiku, jambo lisilowezekana kwa mwenye nyota ya ng'ombe, ambaye atabaki udongo hadi kaburini.

Ukizipanga kwa mfuatano huo, unachokiona ni mwaka wa mkulima wa bonde la Mto Njano: machipuko, majira ya joto, mapukutiko ya majani, majira ya baridi. Lakini hayo ni majira manne, na awamu ni tano. Mfumo ulianza kukwama mapema hivyo, na wenyewe walijua. Walitoa majibu mawili. Wengine waliukata mwisho wa majira ya joto, ule wakati wa unyevunyevu, wakaupa udongo. Wengine walichukua siku 18 za mwisho wa kila majira, wakaupa udongo jumla ya siku 72. Na awamu nyingine nne zikabaki na siku 72 kila moja. Hesabu inatimia 360 bila hata moja kubaki. Majibu yote mawili yapo katika vitabu vya tiba hadi leo, bega kwa bega. Sisi tunaoishi kwa masika na vuli, kwa kaskazi na kusi, tuna tatizo kubwa zaidi ya hilo, maana mwaka wetu hauingii kwenye gurudumu lao hata tukiusukuma.

Kuzaa na kudhibiti

Awamu zimeunganishwa kwa mizunguko miwili, na hapa ndipo nadharia inapopata nguvu yake. Wa kwanza ni wa kuzaa. Mti hulisha moto; moto huacha majivu, ambayo ni udongo; udongo hubeba metali tumboni; metali huzaa maji (hapa waalimu hutaja umande unaotanda juu ya shaba usiku, na wengine hutaja metali inayoyeyuka na kutiririka, jambo linaloonyesha kuwa kiungo hiki ni kigumu kidogo kukieleza); na maji huotesha mti. Kila awamu ni mama wa inayofuata.

Mzunguko wa pili ni wa kudhibiti. Mti hupasua udongo kwa mizizi. Udongo huzuia maji kwa tuta. Maji huzima moto. Moto huyeyusha metali. Metali hukata mti. Ukichora duara la kuzaa kisha ukaweka mishale ya kudhibiti ndani yake, unapata nyota yenye ncha tano, na unagundua kwamba kila awamu inadhibitiwa na mama wa mama yake. Bibi hapa hana utani na mjukuu. Kazi yake ni kumrudi.

Mizunguko hii miwili ikifanya kazi pamoja, hakuna awamu inayokua bila mipaka wala inayokufa kwa njaa. Moto ukizidi huzaa udongo mwingi, udongo ukizidi huyabana maji. Lakini maji pia ndiyo yanayopaswa kuuzima moto, na kwa kuwa yamebanwa, moto unazidi kupanda. Lazima basi mtu aingilie mahali fulani, na tabibu huchagua mahali pa kuingilia kwa kusoma mchoro. Baadaye ziliongezwa hali mbili za ugonjwa. Moja ni ya kudhibiti kupita kiasi, ambapo mti unaugandamiza udongo mpaka unazimia. Ya pili ni ya uasi, ambapo udongo uliokauka na kuwa mgumu unaukataa mti na kuuvunja mizizi. Ukishakuwa na hali hizo zote, karibu kila linalotokea mwilini linapata mshale wake. Nitarudi kwenye hilo, kwa sababu ndio ubora wa nadharia hii na ndio ugonjwa wake.

Kila kitu kwa tano

Juu ya mizunguko hiyo pakawekwa jedwali. Mti una ini na nyongo, upepo, upande wa mashariki, rangi ya kijani inayoelekea bluu, ladha ya uchachu, macho, kano na hasira. Moto una moyo na utumbo mwembamba, joto, kusini, wekundu, uchungu wa ladha, ulimi, mishipa ya damu na furaha. Udongo una wengu na tumbo la chakula, unyevu, katikati, njano, utamu, mdomo, nyama ya mwili na fikra. Metali ina mapafu na utumbo mpana, ukavu, magharibi, weupe, ukali kama wa tangawizi, pua, ngozi na huzuni. Maji yana figo na kibofu, baridi, kaskazini, weusi, chumvi, masikio, mifupa na woga.

Baadhi ya haya yanaeleweka hata bila nadharia. Mwenye ugonjwa wa ini macho yake hugeuka manjano, na mwenye huzuni hushusha pumzi. Udongo wa tambarare za kati za China ni wa manjano kweli, kaskazini kuna baridi na kusini kuna joto. Mengine yamewekwa kwa sababu safu ilikuwa na nafasi tupu. Waliopanga mambo kwa tano walilazimika kujaza tano, hata pale maumbile yalipotoa nne au sita.

Ilivyotoka ikulu

Nadharia hii ilipata umaarufu karibu na kiti cha enzi kabla ya kufika kitandani kwa mgonjwa. Zou Yan, mwanafalsafa wa dola ya Qi katika karne ya 3 KK, alifundisha kwamba kila ukoo wa kifalme hutawala kwa nguvu ya awamu moja, na huangushwa na ukoo wenye awamu inayoidhibiti ya kwake. Mfalme Njano wa hadithi za kale alikuwa udongo, ukoo wa Xia mti, Shang metali, Zhou moto. Atakayefuata lazima awe maji. Mwaka 221 KK Qin Shi Huang, mtawala wa dola ya Qin, alipokwisha kuziteka dola zote, alijitangaza kuwa maji. Mavazi na bendera zikawa nyeusi. Namba sita, namba ya maji, ikawa kipimo cha kofia na upana wa magari, na gari la mfalme likavutwa na farasi sita. Hata Mto Njano ulipewa jina jipya.

Utawala wa Han, uliofuata baada ya Qin, ulijadiliana kwa miongo uwe awamu gani, hadi mwaka 104 KK Mfalme Wu alipochagua udongo na rangi ya njano. Wang Mang alipochukua kiti mwaka 9 BK, wafuasi wake walikuwa wamekwisha kubadilisha gurudumu: wakaacha la kudhibiti, wakashika la kuzaa. Kwa hesabu hiyo mpya Han ilikuwa moto, na Wang Mang alikuwa udongo, mtoto halali wa moto, wala si mnyang'anyi. Mwenye kutaka kuamini kwamba mizunguko hii iligunduliwa kwa kutazama maumbile peke yake akikumbuke kipindi hicho.

Katika karne hizohizo ndipo tiba ilipoipokea lugha hii. Mwaka 1973 wachimbaji wa mambo ya kale walifungua kaburi la tatu la Mawangdui, mjini Changsha, lililofungwa mwaka 168 KK, wakakuta maandishi ya tiba juu ya hariri. Humo mna njia 11 za mwilini, mna dawa, mna mazoezi ya viungo. Ule mpango kamili wa viungo vitano na awamu tano haumo. Tunaukuta umekomaa katika Huangdi Neijing, mkusanyiko wa mazungumzo ya Mfalme Njano na mawaziri wake, hasa Qi Bo, uliokusanywa kwa hatua katika enzi ya Han. Mwili katika kitabu hicho ni dola iliyounganishwa: moyo ni mfalme, mapafu ni waziri mkuu, ini ni jemadari, wengu na tumbo ni maofisa wa maghala. Hapo ugonjwa ni fujo ya utawala, na tabibu ni mtu wa kurudisha utii.

Moyo ungeweza kuwa udongo

Kuna jambo ambalo vitabu vingi vya kufundishia hulipita haraka, nami nadhani ndilo ufunguo. Jedwali lile la viungo halikuwa la pekee. Kalenda za ibada za kale za Wachina ziliagiza kila majira kitangulizwe kiungo fulani cha mnyama wa sadaka: machipuko wengu, majira ya joto mapafu, katikati ya mwaka moyo, mapukutiko ini, majira ya baridi figo. Wanazuoni walioshika mapokeo hayo walisema basi wengu ni mti, mapafu ni moto, moyo ni udongo, ini ni metali, figo ni maji. Figo peke yake ndizo zilizobaki mahali tulipozikuta. Mpangilio huo ulifuata mahali viungo vilipo katika mzoga: mapafu mbele, figo nyuma.

Zheng Xuan (127–200 BK), mfafanuzi mkubwa wa vitabu vya kale, alilizungumzia suala hili. Hoja yake ilikuwa ya kitabibu kabisa. Sadaka ina utaratibu wake, alisema kwa maana hiyo, lakini waganga wa leo hushika ini kuwa mti, moyo kuwa moto, wengu kuwa udongo, mapafu kuwa metali na figo kuwa maji, na wagonjwa wanapona. Ukiwatibu kwa kinyume chake, asiyekufa atazidiwa.

Tazama kilichofanyika hapo. Kulikuwa na miundo miwili, yote mizuri kwenye karatasi, yote yenye mizunguko ileile. Uliochaguliwa ni ule ambao waganga walisema unawasaidia kukumbuka na kupanga walichokuwa wakikiona. Uzoefu ulitangulia, jedwali likafuata. Anayesema kwamba Wachina wa kale waligundua kuwa ini ni mti anaelezea mambo kichwa chini. Walikuwa na rundo la maarifa kuhusu hasira, macho, maumivu ya mbavu, hedhi na misuli inayotetemeka. Walihitaji kabati la kuyapanga. Wakaiita droo moja ini.

Lakini kabati nalo lina tabia ya kumtawala mwenye nyumba. Suwen, sehemu ya kwanza ya Neijing, inasema ini huanzia kushoto na mapafu hujificha kulia. Mtu yeyote aliyewahi kuchinja mbuzi anajua ini liko upande gani. Lakini mfalme hukaa akitazama kusini, na akitazama kusini mashariki iko kushotoni mwake. Mashariki ni mti, na mti ni ini. Hadi leo daktari wa tiba hiyo husoma pigo la ini kwenye mkono wa kushoto.

Inavyotumika kwa mgonjwa

Chukua mtoto anayekohoa kwa miezi, kikohozi chepesi kisichoisha, hali vizuri, choo laini, mwili umenyong'onyea. Ukitazama kikohozi, utatibu mapafu. Tabibu wa awamu tano anauliza mama wa mapafu ni nani. Mapafu ni metali, mama wa metali ni udongo, udongo ni wengu, yaani usagaji wa chakula. Mbinu hiyo ina jina, kurutubisha udongo ili uzae metali, na dawa yake ya msingi ni mchemsho wa mitishamba minne, ginsengi ikiwa ya kwanza, unaoitwa waungwana wanne. Mtoto akila na kunenepa, kikohozi kitapungua. Muuguzi yeyote wa kliniki ya watoto atakubaliana na mantiki ya lishe iliyo chini yake, bila haja ya metali wala udongo. (Naye atasisitiza kwanza apimwe kifua kikuu, na yuko sahihi.)

Au mtu ambaye kila akigombana kazini tumbo linasokota, anaharisha, kisha maumivu yanapoa. Hapo ini limeuvamia wengu, mti umeuonea udongo, na kuna dawa ya mimea minne iliyotungwa kwa hali hiyohiyo: mmoja unaimarisha wengu, mmoja unalainisha ini, miwili inasukuma kilichokwama. Huu ndio upande wa nadharia ninaouheshimu. Mapema sana iliwapa waganga njia ya kusema kwamba hasira na kuharisha ni ugonjwa mmoja.

Kwenye tiba ya kuchomwa sindano nyembamba zisizo na dawa, utaratibu ni mkali zaidi. Kitabu kiitwacho Nanjing, cha maswali magumu 81, kilichoandikwa karibu na karne ya 1 au ya 2 BK, kilitoa kanuni: palipo na upungufu mpe nguvu mama, palipo na ziada mpunguze mtoto. Kila njia ya sindano (mstari unaopita mwilini) ina vituo vitano kati ya ncha za vidole na kiwiko au goti, kila kituo awamu yake. Kwenye njia ya mapafu, Taiyuan kwenye kifundo cha mkono ni udongo, yaani mama. Chize kwenye kiwiko ni maji, yaani mtoto. Pumzi dhaifu itachomwa Taiyuan, kikohozi kizito chenye homa kitachomwa Chize. Kitabu hichohicho kinasema tabibu bora akiona ini limeumwa huukinga wengu mapema, kwa kuwa anajua ugonjwa utaelekea wapi.

Jambo la kushangaza kidogo ni kwamba wanaofuata kanuni hizi kwa ukamilifu leo mara nyingi hawako China. Japani, katika karne ya 20, kundi la wachoma sindano liliijenga upya tiba nzima juu ya Nanjing. Uingereza, J. R. Worsley alianzisha chuo mjini Leamington Spa na kufundisha kwamba kila mtu ana awamu moja iliyo chanzo cha matatizo yake yote. Huko China, serikali ilipoanzisha vyuo vinne vya kwanza vya tiba ya jadi mwaka 1956, katika Beijing, Shanghai, Guangzhou na Chengdu, na kuandika vitabu vya kiada vya nchi nzima, uzito uliwekwa kwenye kutambua mkusanyiko wa dalili. Awamu tano zilibaki sura ya mwanzo, na msamiati wa kila siku. Mtalii anayekwenda Shanghai akitarajia kuulizwa yeye ni mti au moto anaweza kurudi bila kuulizwa.

Waliocheka, na waliotaka kuifuta

Wachina wenyewe hawakungoja wageni kuikosoa. Wafuasi wa mwanafalsafa Mozi, karibu na wakati wa Zou Yan, waliandika kwamba katika awamu tano hakuna mshindi wa kudumu: moto huyeyusha metali pale moto unapokuwa mwingi, na metali huzima makaa pale metali inapokuwa nyingi. Kiasi ndicho kinachoamua. Wang Chong, aliyezaliwa mwaka 27 BK na ambaye hakumwonea haya mtu, aliwageukia wanaowapa wanyama wa kalenda awamu. Panya ni maji na farasi ni moto, sivyo? Maji hushinda moto. Basi kwa nini panya hamfukuzi farasi? Jogoo ni metali na sungura ni mti. Kwa nini jogoo hamdonoi sungura?

Shambulio kubwa lilikuja mwaka 1917, Yu Yan, daktari aliyesoma Japani, alipochapisha kitabu cha kuichambua Neijing kwa kisu cha anatomia. Mwaka 1929 pendekezo lake la kuifuta tiba ya zamani lilipitishwa na kamati ya afya ya serikali iliyokuwa katika mji wa Nanjing. Machi 17 waganga wakakusanyika Shanghai kupinga, na mpango ukakwama. Jibu lenye akili zaidi lilikuwa limetolewa mwaka 1922 na Yun Tieqiao, mhariri wa zamani wa jarida la hadithi aliyeingia katika tiba baada ya kufiwa na wanawe. Yun hakubishana kuhusu nyama. Alisema viungo vitano vya Neijing si vya damu na nyama. Ni viungo vya majira.

Jibu hilo linatatua mkanganyiko wa kliniki niliouanza nao. Ini la tabibu wa Kichina ni kundi la kazi: mtiririko, hasira, macho, kano, hedhi. Halina uhusiano wa lazima na kile kiungo kilicho chini ya mbavu za kulia. Ukiambiwa ini lako limebana, hujaambiwa una homa ya ini, usilie. Na ukiambiwa ini lako liko sawa, hujaambiwa huna homa ya ini pia. Macho yakiwa manjano na mkojo mweusi, nenda ukapime damu.

Lakini jibu la Yun lina gharama yake. Ini lisiloonekana popote haliwezi kuthibitishwa kuwa gonjwa wala zima. Na nadharia yenye kuzaa, kudhibiti, kuonea na uasi inaweza kueleza ugonjwa ukienda kutoka kiungo chochote kwenda chochote: awamu tano, na kati ya kila mbili mshale umekwisha andaliwa. Mgonjwa akipona, mshale ulikuwa sahihi. Asipopona, ulikuwa ule mwingine. Kwa kupanga uzoefu ni chombo hodari. Kwa kutabiri jambo ambalo lingeweza kuiumbua, sijaona ikijiweka hatarini. Kile kisa cha Zhang Congzheng nacho kingeelezeka vilevile kama mama yule angepona kwa furaha au kwa woga.

Sindano zimejaribiwa zaidi ya mizunguko yenyewe. Katika utafiti mkubwa wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2007, watu 1,162 wenye maumivu sugu ya mgongo waligawanywa makundi matatu. Baada ya miezi sita, asilimia 47.6 ya waliochomwa kwenye vituo halisi walikuwa na nafuu, asilimia 44.2 ya waliochomwa juujuu mahali pasipo vituo, na asilimia 27.4 ya waliopata matibabu ya kawaida. Kuchomwa kulisaidia. Kuchomwa mahali ramani inaposema hakukuongeza la maana.

Upande wa dawa, zawadi kubwa iliyotufikia kutoka vitabu vya tiba ya Kichina ni kiini cha dawa mseto ya malaria, ile tunayomeza sote. Tu Youyou, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015, alipata dokezo lake katika maelekezo ya Ge Hong wa karne ya 4: chukua konzi moja ya mmea wa qinghao, loweka katika maji, kamua, kunywa. Hakuchemsha, na hapo ndipo Tu alipong'amua kwamba joto huharibu dawa. Ge Hong, katika mstari ule, hakutaja mti, moto wala wengu.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha toleo la 11 la orodha ya kimataifa ya magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022, likiwa na sura ya hiari yenye mikusanyiko ya dalili ya tiba ya jadi, mikwamo ya ini na udhaifu wa wengu ikiwamo. Shirika lilieleza kwamba sura hiyo ni ya kuhesabia, si ya kuthibitisha kuwa tiba inafanya kazi. Katika hospitali za tiba ya jadi nchini China utaratibu unafanana na huo: jalada la mgonjwa huandikwa utambuzi mara mbili, mmoja wa maabara na picha, mwingine wa ini linaloonea wengu, na daktari huyohuyo hutia sahihi yake chini ya yote mawili.